Kiyoyozi cha joto na baridi kikigoma: tafuta kosa kabla ya kuongeza gesi

Fundi anafika, anagusa paipu, anasema gesi imeisha. Anaongeza, chumba kinapoa wiki mbili, kisha shida inarudi ileile. Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama mafuta ya gari. Imefungwa ndani ya paipu za shaba, na ikipungua kuna mahali inapotokea. Mara nyingi hata haikuwa imepungua: filta ilikuwa imeziba, kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme na kuisaidia mota kuanza) imechoka, au umeme wa mtaa ulikuwa mdogo. Kwa hiyo hapa tunaanza na hewa, tunaingia kwenye umeme, na gesi tunaigusa mwisho.

Mashine tunazozungumzia ni zile za ukutani zenye yuniti ya ndani na yuniti ya nje, za BTU (kipimo cha uwezo wa kuhamisha joto kwa saa) 9,000 hadi 24,000. Hapa Uganda, Gulu na Moroto watu huzinunua kwa ajili ya baridi. Kabale, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, usiku nyuzi zinaweza kushuka hadi 10 za Selsiasi, na huko hoteli huzitaka kwa ajili ya joto. Mashine ni ileile. Haitengenezi baridi wala joto. Inahamisha joto kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na valvu ya njia nne iliyo ndani ya yuniti ya nje ndiyo inayogeuza mwelekeo.

Kwa kuwa mashine ina kazi mbili, unaweza kuiuliza mara mbili, na tofauti ya majibu yake itakuonyesha upande wa kwenda. Friji ya kawaida haikupi nafasi hiyo.

Kabla ya kufungua bisi hata moja

Soma kibandiko cha yuniti ya nje. Kama kina uwezo wa kupoza na uwezo wa kupasha, kila mmoja na namba yake, hiyo ni pampu ya joto. Kama kuna uwezo wa kupoza peke yake, mashine ni ya baridi tu na haina valvu ya njia nne. Usiiamini rimoti. Rimoti moja hutengenezwa kwa ajili ya aina zote mbili, hivyo alama ya jua inaweza kuwepo hata kama mashine haiwezi kupasha.

Kisha muulize mwenye nyumba. "Nyabo, ilianza ghafla au ilidhoofika kidogo kidogo?" Iliyokufa ghafla hukupeleka kwenye umeme, bodi (sakiti inayoiongoza mashine) au kapasita; iliyodhoofika kwa miezi hukupeleka kwenye uchafu au kuvuja. "Ssebo, siku ile umeme ulikatika ukarudi?" "Iliwahi kuhamishwa kutoka nyumba nyingine?" "Kuna fundi aliyeongeza gesi, na aliipima kwenye mizani?" Majibu manne haya yanaokoa saa nzima ya kazi. Kama kuna namba ya hitilafu inayomweka kwenye kioo, ipige picha kabla ya kuzima, kwa sababu kwenye mashine nyingi ukizima inafutika. Maana ya namba hizo si moja kwa watengenezaji wote. Tafuta kitabu cha modeli hiyo.

Yapo pia mambo manne ambayo wateja huyaita ubovu, na si ubovu:

1. Kompresa kuchelewa dakika 3 hivi baada ya umeme kurudi. Bodi inasubiri shinikizo la pande mbili lilingane. Kama kuna AVS ukutani (kifaa kinachokata umeme volti zikiwa mbaya), nayo ina subira yake, hivyo jumla inaweza kufika dakika 6 au zaidi.
2. Ukiwasha joto, feni ya ndani haizunguki kwa dakika 1 hadi 5. Inangoja koili (paipu zenye mapezi ambako hewa hupita) ipate moto ili isikupulizie hewa baridi.
3. Usiku wa baridi kali, katikati ya kupasha, feni zote mbili zinasimama, mvuke unapanda kutoka yuniti ya nje, maji yanadondoka. Mashine inayeyusha barafu yake yenyewe. Huchukua dakika 3 hadi 10.
4. Ukijaribu joto mchana wa jua, feni ya nje inasimama na kuanza tena na tena. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha kupasha kwenye nyuzi 24 za nje. Kukiwa na joto zaidi ya hapo shinikizo hupanda mno, na mashine hupunguza upepo wa nje kujilinda. Usiibadilishe feni hiyo.

Vifaa na usalama

Beba klampu mita inayopima pia mikrofaradi, thamometa mbili za ncha nyembamba, geji za gesi husika, mizani, tochi, brashi laini, na sabuni ya kuosha vyombo kwenye chupa ya kupuliza.

Zima sakiti breka, si rimoti. Kisha pima na mita uhakikishe umeme haupo. Kwenye mashine za inveta (zile zinazobadilisha kasi ya kompresa) usiguse bodi ya nje kabla ya dakika 10 kupita: umeme wa volti 240 ukishanyooshwa hufika volti 340 hivi za umeme mnyoofu (DC), na kwenye bodi nyingine karibu 380, nao hukaa ndani ya kapasita kubwa hata baada ya kuzima. Pima kwanza. Kapasita ya kompresa imwage kwa rezista ya kilo-omu 20 ya wati 5, usiipige shoti kwa bisibisi.

Jaribio la pande mbili

Anza na baridi: rimoti iwe nyuzi 16 au 18, feni kasi ya juu, madirisha yafungwe. Acha dakika 15. Pima hewa inayoingia juu ya yuniti ya ndani, kisha inayotoka chini. Tofauti nzuri ni nyuzi 8 hadi 12. Entebbe, ambako hewa imejaa unyevu wa ziwa, 8 au 9 inatosha kwa sababu sehemu kubwa ya kazi inaishia kwenye kutoa maji. Moroto kiangazi, hewa ikiwa kavu, tegemea 12 hadi 14.

Zima, subiri dakika 5, halafu geuza kwenye joto, nyuzi 30. Hapa kuna mtego. Kama chumba chenyewe kina nyuzi 31, mashine haitawasha kompresa kabisa kwa sababu inaona kazi imekwisha. Fanya jaribio alfajiri, au itoe sensa ya hewa kwenye kishikio chake uiweke ndani ya mfuko wa nailoni ulio kwenye maji ya barafu. Mchana usizidishe dakika 10. Hewa inayotoka inapaswa kuwa na nyuzi 35 hadi 45, na ipande nyuzi 15 au zaidi juu ya ile inayoingia.

Sasa soma majibu.

Baridi safi, joto hakuna: umeme, kompresa, feni na karibu hakika gesi viko salama. Nenda kwenye valvu ya njia nne, koili yake ya sumaku, na rilei (swichi ya umeme) ya bodi inayoilisha. Kwenye mashine nyingi za ukutani koili hiyo hupewa umeme wakati wa joto tu, ndiyo maana ikikatika mashine hubaki kwenye baridi.

Joto lipo, baridi hakuna: valvu imekwama upande wa joto, au rilei imegandana na inaendelea kuipa koili umeme.

Baridi nzuri, joto lipo lakini dhaifu: shuku valvu ya njia moja iliyo kando ya kapilari (paipu nyembamba sana inayobana gesi) ya pili. Kazi yake ni kulazimisha gesi ipite kapilari ndefu zaidi wakati wa kupasha. Ikivuja, kupasha kunalegea na kupoza hakuguswi. Lakini kabla ya kuilaumu, osha koili ya nje, kwa sababu wakati wa joto hiyo ndiyo inayokusanya joto kutoka nje.

Vyote dhaifu: hewa, gesi, kompresa iliyochoka, au valvu ya njia nne iliyosimama katikati.

Vyote hakuna: umeme, mawasiliano kati ya yuniti, bodi, kapasita au kompresa.

Hewa

Toa filta uitazame kwenye mwanga. Usipoona tochi ya upande wa pili, tatizo la kwanza umeshalipata. Nyumba iliyo kando ya barabara ya murram inahitaji filta ioshwe kila wiki 2 wakati wa kiangazi. Ya ghorofani mjini inaweza kukaa mwezi. Osha kwa maji na sabuni, kausha kivulini, jua kali linaipinda.

Filta ikiwa safi lakini upepo ni hafifu, angalia gurudumu refu la feni ya ndani. Vumbi hujaa ndani ya vijani vyake hadi vinakosa umbo, na upepo unapungua ingawa mota inazunguka kwa kasi ileile. Hili hukosewa sana, kwa sababu sauti ni ya kawaida.

Wakati wa baridi, hewa pungufu huifanya koili ya ndani igande barafu. Barafu inaziba hewa zaidi, na mwishowe maji yanamwagika ukutani mashine ikizimwa. Ukiikuta hali hiyo usipime gesi. Weka feni peke yake kwa saa moja au zaidi mpaka barafu yote iyeyuke, safisha, ndipo uanze upya. Vipimo vya gesi vilivyochukuliwa koili ikiwa na barafu havina maana.

Nje kuna adui wa kila mahali. Entebbe na kando ya ziwa, makundi ya wadudu wa ziwani hufuata taa, hunaswa kwenye mapezi ya alumini na kukauka yakawa kama gundi. Karamoja, upande wa Moroto, ni vumbi laini. Mijini ni yuniti iliyofungwa kwenye kona, inavuta hewa ya moto iliyoitema yenyewe. Acha angalau sentimita 20 nyuma na sentimita 60 mbele, au fuata kitabu kikitaka zaidi. Osha kwa maji ya mpira wa bustani kutoka ndani kwenda nje, bodi ikiwa imefunikwa. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi, na mapezi yaliyolala ni mabaya kuliko uchafu.

Na chumba chenyewe? Mabati yasiyo na dari, jua la saa nane, BTU 9,000 kwenye sebule ya mita 5 kwa 6: mashine inaweza kuwa nzima kabisa ikashindwa. Tofauti ya nyuzi kwenye yuniti ikiwa 10 na chumba hakipoi, mashine inafanya kazi yake. Mzigo ndio mkubwa. Kwa joto mambo ni kinyume, hewa moto hupanda darini na kuidanganya sensa iliyo juu. Elekeza mapezi ya hewa chini kabisa, na kama bodi inaruhusu, ongeza fidia ya nyuzi 2 hadi 4.

Umeme

Pima volti kwenye vituo vya yuniti ya nje mara mbili: mashine ikiwa imezimwa, na kompresa ikiwa inavuta. Tunatarajia volti 240, na kati ya 216 na 264 mashine inastahimili. Ikiwa imesimama inaonyesha 235 na ikianza inaanguka hadi 190, tafuta waya mwembamba, kiungo kilicholegea au breka iliyoungua ndani. Kama inaanguka hata kwenye waya unaotoka mita ya Yaka (ya umeme wa kulipia kabla), laini ya mtaa imelemewa, na hapo AVS ya ampia 30 yenye kikomo cha chini ndiyo kinga.

Volti kuzidi ni hatari zaidi. Nyutro ikikatika kwenye laini ya fezi tatu, nyumba moja inaweza kupokea zaidi ya volti 300. Dalili hubaki kwenye bodi: kile kidude cha bluu au cheusi cha duara kilicho karibu na fyuzi kimepasuka, na fyuzi imekatika. Kidude hicho kimejitoa mhanga kuiokoa bodi. Badilisha vyote viwili kwa vipimo vilevile. Anayeunganisha fyuzi kwa uzi wa waya anaiacha bodi bila kinga, na safari ijayo itaungua yote.

Kwenye mashine isiyo ya inveta, kompresa inayonguruma sekunde chache kisha kukatika ina kapasita mbovu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Itoe, imwage, ipime. Za BTU 9,000 hadi 12,000 huwa mikrofaradi 25 hadi 35. Za 18,000 hadi 24,000 huwa 40 hadi 60. Ya feni ya nje ni 1.5 hadi 3.5. Iliyoandikwa 35 ikisoma chini ya 33, ibadilishe. Iliyovimba juu usiipime hata. Chukua ya volti 450 yenye mikrofaradi zilezile. Kubwa zaidi haiongezi nguvu, inapasha waya za kompresa.

Kapasita ikiwa nzima, pima kompresa yenyewe. Kati ya vituo vitatu, omu za jozi kubwa zinapaswa kuwa jumla ya zile jozi mbili ndogo. Kwenye inveta jozi zote tatu ziwe sawa. Kati ya kituo chochote na bomba la shaba usipate kitu. Kwa mega (kipimo cha insulesheni) ya volti 500, chini ya mega-omu 1 ni onyo.

Ampia hueleza mengi. Mashine isiyo ya inveta ya BTU 12,000 huvuta 5 hivi, ya 18,000 huvuta 7 hadi 8, ya 24,000 karibu 10 au 11. Linganisha na kibandiko. Chini sana huku kompresa ikizunguka: gesi pungufu au kompresa isiyosukuma. Juu sana: koili chafu, feni ya nje imesimama, gesi nyingi mno. Asiye na klampu anaweza kuzima vyombo vingine vyote na kutazama Yaka. Mashine hiyo ya 12,000 ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika hula yuniti moja ya umeme na kidogo.

Inveta zinapoonyesha hitilafu ya mawasiliano, usikimbilie bodi. Fuata waya nne zinazounganisha ndani na nje: layini, nyutro, ishara, ardhi. Layini na nyutro zikipishana, mashine nyingi haziongei. Kiungo kilichofichwa ukutani huota kutu, na panya hupenda waya zilizo darini. Fungua pia kasha la nje utazame mjusi au sisimizi. Hupenda joto la bodi, na maiti zao huunganisha njia za umeme. Na mota za feni za umeme mnyoofu usizichomoe bodi ikiwa bado na umeme. Kitendo hicho kinaua mota nzima.

Sensa za joto hazichukui muda. Chomoa, pima omu: kwa nyuzi 25 huwa kilo-omu 5, 10, 15 au 20 kutegemea mtengenezaji. Ishike mkononi, omu zinapaswa kushuka taratibu bila kuruka. Ikisoma nusu ya inavyotakiwa, bodi inaamini chumba ni cha moto kuliko kilivyo: baridi haikatiki, na joto haliwaki.

Valvu ya njia nne

Hii ndiyo sehemu inayobadilishwa bure kuliko zote, na kuibadilisha ni kazi ya moto, naitrojeni na gesi mpya, kwa hiyo ipe muda.

Ina paipu nne: moja peke yake upande mmoja, inayoleta gesi moto kutoka kompresa, na tatu upande wa pili. Ya katikati ya hizo tatu hurudi kwenye kompresa siku zote. Za pembeni hubadilishana.

Hatua ya 1. Weka joto, kompresa ikiwa imeanza pima volti kwenye waya za koili ya sumaku. Hakuna volti 220 hadi 240: kosa ni la bodi au waya. Volti zipo, endelea.

Hatua ya 2. Gusisha ncha ya bisibisi kwenye koili. Inavutwa? Sumaku ipo. Haivutwi, zima na upime omu. Nzima huwa karibu kilo-omu 1 hadi 2. Isiyo na kipimo imekatika, na hubadilishwa peke yake kwa bisi moja bila kugusa gesi. Usiipe umeme ikiwa nje ya valvu, itaungua kwa dakika chache.

Hatua ya 3. Koili nzima, lakini hakuna sauti ya kubadilika. Kabla ya kuihukumu valvu, kumbuka kwamba sumaku haisukumi kile kipande kikubwa cha ndani; inafungua tu kijia chembamba, na tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili ndiyo inayokisukuma. Gesi ikiwa pungufu, nguvu hiyo haipo, na valvu nzima itaonekana imekwama. Pima gesi kwanza. Ikiwa sawa, badilisha hali joto na baridi mara kadhaa kwa kufuata ule muda wa kusubiri, huku ukigonga mwili wake polepole kwa mpini wa mbao.

Hatua ya 4. Kama vyote viwili ni dhaifu, tafuta uvujaji wa ndani. Pima nyuzi za paipu inayoleta gesi baridi kwenye valvu, kisha za paipu ya katikati inayotoka kwenda kompresa. Zinapaswa karibu kulingana. Ikiwa ya katikati ina moto zaidi ya nyuzi 3, gesi moto inapita kwa mlango wa nyuma. Valvu hiyo imekufa.

Wakati wa kuchomelea mpya, ifunge kitambaa chenye maji na upitishe naitrojeni kidogo ndani ya paipu. Ndani yake kuna plastiki, na moto uliozidi huiharibu kabla haijawahi kufanya kazi.

Gesi, sasa

Anza kwa macho, mashine ikiwa kwenye baridi. Kwa kuwa kapilari iko kwenye yuniti ya nje, paipu zote mbili zinazoingia ndani huwa baridi. Nene ikiwa imetoa jasho, dalili ni nzuri. Nyembamba ina barafu na nene ni kavu na vuguvugu: gesi pungufu. Nene ina barafu hadi kwenye kompresa: hewa pungufu ndani, rudi kwenye filta.

Kisha zima, subiri dakika 20 au zaidi mpaka nyuzi zilingane, usome shinikizo la kupumzika. Aina ya gesi imeandikwa kwenye kibandiko. Kwa nyuzi 25, R410A husoma psi (kipimo cha shinikizo) 225 hivi, R32 kama 230, R22 kama 137. Ikiwa chini sana, hakuna gesi iliyo katika hali ya kimiminika iliyobaki ndani. Ikiwa juu, kuna hewa iliyoingia au mtu alichanganya gesi.

Ikifanya kazi kwenye baridi, upande wa chini wa R410A na R32 tarajia psi 115 hadi 145, R22 psi 60 hadi 80. Inveta hubadilika kila wakati, kwa hiyo iweke kwenye hali ya majaribio kama kitabu kinaielezea.

Onyo kwa anayepima joto: mdomo wa huduma kwenye valvu ya paipu nene huwa wa shinikizo la chini wakati wa baridi tu. Ukigeuza kwenye joto, paipu hiyo hiyo inabeba gesi moto ya psi 330 hadi 420. Geji ya bluu ya R22 iliyosahaulika hapo inaweza kupasuka usoni. Itoe kabla ya kugeuza, au tumia ile nyekundu ya shinikizo la juu.

Mwinuko wetu una yake. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa inasukuma kwa kilopaskali 88 badala ya 101. Kwenye usomaji wa kazi tofauti ni psi 2 tu, haisumbui. Inasumbua wakati wa kuvuta vakiumu, yaani kutoa hewa na unyevu kwenye paipu kabla ya kujaza gesi. Vitabu husema mshale ufike inchi 30 chini ya sifuri. Kampala hauwezi kupita 26, na Kabale ni 23 na nusu hivi, hata pampu ikiwa mpya. Mafundi wameuza pampu nzima wakidhani zimechoka. Tumia geji ya mikroni, inayopima kutoka utupu wenyewe: fika chini ya mikroni 500, funga valvu, subiri dakika 10. Ikipanda ikatulia, bado kuna unyevu. Ikipanda bila kutulia, panavuja.

Kuvuja hutafutwa kwa sabuni na naitrojeni yenye regyuleta. Kamwe usitumie oksijeni ya kuchomelea, inalipuka ikikutana na oili ya kompresa. Panda kwa hatua: psi 50, 150, kisha 350 kwa R410A au R32, bila kupita kikomo cha kibandiko. Anza kwenye nati za maungio, ndiko inakotokea mara nyingi: mdomo wa shaba uliopasuka kwa kukazwa mno, au uliolegea. Nati ya paipu ya robo inchi hukazwa kwa nyutoni-mita 14 hadi 18, ya tatu kwa nane 33 hadi 42, ya nusu inchi 49 hadi 61. Doa la oili lililoshika vumbi ni mshale unaokuonyesha mahali.

Gesi iliyobaki ivutwe kwenye mtungi, isiachiwe hewani. Uganda ni mshirika wa Itifaki ya Montreal. R32 inashika moto, na R290 (propani) zaidi sana: fungua madirisha, zima sigara na jiko la mkaa lililo jirani.

Jaza kwa mizani, kiasi cha kibandiko. R410A ni mchanganyiko, hivyo itoke mtungini ikiwa katika hali ya kimiminika, mtungi ukiwa umepinduliwa isipokuwa una bomba la ndani. Kibandiko huhesabu paipu ya mita 5 au 7.5. Kwa kila mita ya ziada kwenye paipu nyembamba ya robo inchi, nyingi hutaka gramu 15 hadi 20. Mfano: kibandiko kinasema gramu 850 kwa mita 5, nyongeza gramu 15, na paipu yako ni mita 9. Mita 4 za ziada ni gramu 60, jumla 910.

Maji yanayodondoka ndani

Haya si ya gesi isipokuwa ukikuta barafu. Mfereji wa maji ushuke sentimita 1 kwa kila mita, usiwe na tumbo wala ncha iliyozama kwenye ndoo. Mimina lita moja ya maji kwenye trei na uhesabu muda hadi itoke nje. Ukamasi unaoziba huondoka kwa kuvuta kutoka nje. Ukipuliza kutoka ndani unaupeleka kwenye kona ambako hautatoka.

Ukimaliza, rudia jaribio la pande mbili. Kisha andika kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko cha yuniti ya nje: tarehe, gramu ulizojaza, ampia, volti, na nyuzi za hewa iliyoingia na iliyotoka kwa baridi na kwa joto. Fundi atakayefuata ataanza na namba hizo.